Mkuu Naye Huvunjika Guu

Ndugu msomaji, methali ya kwanza kunitia viboko ilikuwa hii: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu aliandika nusu yake ubaoni, akaninyooshea chaki nimalizie. Nikasema, "Hana masikio." Darasa zima likaangua kicheko, nikala viboko viwili, na tangu siku hiyo methali hiyo haijanitoka. Nikakua nikiamini kwamba guu linalovunjika ni la mdogo siku zote, na kwamba dawa yake ni kutii na kunyamaza.

Leo nataka kuuliza jambo ambalo methali ile hailiulizi. Mkuu naye anapokosea, na mdogo aliye kando yake anaona, guu la nani huvunjika? Na mdogo yule aliyenyamaza kwa sababu ya adabu, je, ana hatia au hana? Usiharakishe kujibu. Mimi nimelizungusha swali hili kichwani kwa miaka minne, na nitakueleza sababu.

Nitapita njia ya angani. Mimi si rubani, wala sina ndugu rubani. Nilianza kusoma habari za ajali za ndege baada ya tarehe 6 Novemba 2022, siku ambayo ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Viktoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43. Watu 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliowahi kufika na mitumbwi yao. Ajali ile ilitokea asubuhi, na mimi simhukumu yeyote aliyekuwa kwenye usukani. Lakini swali lilinishika: mtu anatuaje mahali asipopaona? Nikaanza kusoma taarifa za uchunguzi za nchi nyingine, kamusi pembeni, usiku baada ya usiku. Kumbe ajali niliyokuwa naitafuta humo ilikuwa ya kwangu mwenyewe, tena ya barabarani. Hiyo nitaisimulia mbele.

Kwanza tuelewane jinsi ndege inavyoshuka gizani. Viwanja vikubwa vina mtambo unaotuma mawimbi ya aina mbili. Wimbi moja humwonyesha rubani kama amekwenda kushoto au kulia mwa njia. Jingine humwonyesha kama yuko juu mno au chini mno. Hili la pili likikosekana, rubani hushuka kama mtu anayeshuka ngazi: akifika umbali fulani anaruhusiwa kushuka mpaka futi kadhaa, hapo anangoja, halafu ngazi inayofuata. Ngazi ya mwisho ni kimo cha chini kabisa. Akifika hapo lazima awe ameziona taa za uwanja. Asipoziona, haendelei kushuka. Anaipandisha ndege juu, akajaribu tena au akaenda uwanja mwingine. Hakuna cha "ngoja kidogo labda zitatokea".

Kwa nini sheria iwe kali hivyo? Kwa sababu usiku macho ni shahidi wa uongo. Rubani anayekuja juu ya bahari au pori lisilo na taa, mbele yake kuna taa za uwanja peke yake, huelekea kujiona yuko juu kuliko alivyo. Akijiona juu, anashuka. Marubani wenyewe wanauita mtego huo shimo jeusi. Mtego mwingine ni wa mawingu: yanapasuka kidogo, rubani anaona taa ya nyumba ya mtu huko chini, anasema moyoni, "Ardhi naiona." Ni kweli anaiona. Lakini kuona ardhi si kuona uwanja. Ndiyo maana uamuzi ule umefanywa mapema, mezani, mchana, na watu wenye akili zilizotulia, ili yule aliyechoka huko juu asipewe nafasi ya kubishana na nafsi yake.

Sasa twende Guam, kisiwa cha Marekani katika bahari ya Pasifiki. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 6 Agosti 1997, ndege ya Korean Air aina ya Boeing 747 ilikuwa inakuja kutua ikitokea Seoul, imebeba watu 254. Mvua ilikuwa inanyesha. Lile wimbi la juu na chini halikuwepo, mtambo wake ulikuwa katika matengenezo, na marubani walikuwa wamearifiwa. Kinasa sauti kilimnasa rubani mkuu akisema kwamba ana usingizi. Ndani mle walikuwa watatu: rubani mkuu mwenye miaka 42, rubani msaidizi, na mhandisi wa ndege mwenye miaka 57. Wakaanza kuulizana kama wimbi lile linafanya kazi au halifanyi. Huku wakiulizana, ndege ilikuwa inashuka kupita ngazi zake moja baada ya nyingine.

Chombo cha kuonya kikataja futi 500. Uwanja haukuonekana. Ndipo rubani msaidizi aliposema waache kutua. Mhandisi naye akasema uwanja hauonekani. Rubani mkuu akakubali wapande. Sekunde zilikuwa zimekwisha. Ndege ikagonga kilima kiitwacho Nimitz, maili tatu hivi kabla ya uwanja. Walikufa watu 228.

Angalia vizuri, msomaji. Wale wadogo wawili hawakuwa mabubu. Walisema, tena walisema maneno yenyewe yaliyotakiwa. Kosa lao ni kwamba walisema mwishoni. Wachunguzi wa Marekani walipotoa taarifa yao mwaka 2000, walimtaja rubani mkuu kwa kushindwa kuandaa na kufuata njia ile ya kushukia, na papo hapo wakawataja wasaidizi wake wawili kwa kushindwa kumfuatilia na kumhakiki. Yaani kumwangalia mkuu ilikuwa sehemu ya kazi yao, haikuwa hiari wala ujeuri.

Na angalia umri. Mhandisi alimzidi rubani mkuu miaka 15. Kumbe ukuu ninaouzungumzia hapa si mvi. Ni kiti.

Baada ya ajali ile watu wengi, hasa wa Ulaya na Marekani, walipata maelezo mepesi: eti hao ni Waasia, wana heshima iliyopita kiasi, mdogo kwao hathubutu kumwambia mkubwa kitu. Maelezo haya yangetuangukia hata sisi. Nani kati yetu hajalelewa hivyo? Shikamoo kabla ya salamu nyingine yoyote, macho chini, mkubwa akiongea unatulia. Ningekuwa mtu wa kuridhika haraka ningeishia hapo na kuandika makala ya kulaumu mila zetu. Lakini nikasoma taarifa ya pili.

Tarehe 24 Novemba 2001, ndege ya shirika la Crossair la Uswisi ilitoka Berlin kwenda Zurich na watu 33. Ilikaribia Zurich baada ya saa nne usiku. Kwa sababu ya masharti mapya ya kupunguza kelele usiku upande wa Ujerumani, ilielekezwa kwenye njia ya kutua isiyo na lile wimbi la juu na chini. Mawingu yalikuwa chini. Rubani mkuu alikuwa na miaka 57 na zaidi ya saa 19,000 angani. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 25. Wakafika kimo cha chini kabisa. Mzee akasema ardhi anaiona, waendelee kwa sasa. Wakaendelea. Ndege ikagonga kilima chenye miti karibu na kijiji cha Bassersdorf, kilomita nne hivi kabla ya uwanja. Walikufa watu 24. Taarifa ya Uswisi ilisema kwamba rubani mkuu aliteremka chini ya kimo kile kwa makusudi bila kuuona uwanja wala taa zake, na kwamba msaidizi hakufanya jaribio lolote la kumzuia.

Uswisi, ndugu zangu! Huko hakuna shikamoo. Hata hivyo kijana wa miaka 25 alikaa kando ya mzee wa miaka 57, akaiona namba ikipita pale ambapo haikupaswa kupita, asimzuie. Basi ugonjwa huu si wa Kikorea wala wa Kiafrika. Kila mahali penye kiti kikubwa na kiti kidogo, ugonjwa upo. Mwaka 1994 wachunguzi wa Marekani walipitia ajali kubwa 37 zilizohusu makosa ya marubani, wakakuta kwamba katika zaidi ya asilimia 80 aliyeshika usukani ni mkuu mwenyewe. Je, wakuu ni wabovu kuliko wasaidizi? Sidhani. Nadhani msaidizi akikosea mkuu humkemea papo hapo, kosa likafa likiwa changa. Mkuu akikosea, kosa hulelewa.

Najua mtasema nini, maana hata mimi nilijibishia hivyo. Pingamizi la kwanza: ndege si baraza la kijiji. Kila mtu akiwa na la kusema, nani ataendesha? Ni kweli, chombo hakiendi na manahodha wawili. Lakini kusema si kunyang'anya usukani. Anayesema "uwanja siuoni" hajatoa amri, ametoa ushahidi. Mkuu ambaye wadogo zake wamenyamaza amebaki na macho mawili tu pale alipopewa manne au sita.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mdogo naye hukosea. Kijana mwenye uzoefu mchache anaweza kuona hatari isiyokuwepo, akamsumbua mkuu bure. Huko Guam kwenyewe jambo la namna hiyo lilikuwepo. Palikuwa na mtambo wa kumwonya mwongoza ndege kwamba ndege fulani imeshuka mno. Ulikuwa unapiga kelele za bure mara kwa mara, kwa hiyo mamlaka zikaufungia usifanye kazi katika sehemu kubwa ya eneo la uwanja. Usiku ule ndege ilishuka kuelekea kilimani na mtambo ukanyamaza kama ulivyoagizwa. Hili nalo wachunguzi walilitaja. Basi pima mwenyewe: onyo la bure linagharimu nini, na kimya kinagharimu nini? Onyo la bure linakula dakika kumi za mafuta na kiburi cha mtu mmoja.

Pingamizi la tatu hulisikii likisemwa kwa sauti, ila ndilo lenye nguvu. Mdogo anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Yule aliye kiti kikubwa anaweza kumharibia kazi, au ndiye anayemlisha. Hapa ndipo lazima niache ndege nizungumze habari zangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Baba yangu mdogo alikuwa na Fuso ya kubebea viazi kutoka Njombe. Ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, baada ya baba kufariki. Utingo wake akaugua, nikachukua nafasi yake. Usiku mmoja, saa tano hivi, tulikuwa tumeacha Njombe tunaelekea Makambako na magunia yetu. Ukungu ukashuka. Anayeijua barabara ile anaujua ukungu wake: taa za gari zinarudi kukupiga usoni, mbele ni ukuta mweupe. Ba'mdogo hakupunguza mwendo. Soko la Dar halingoji mtu, na yeye barabara hiyo aliipita kwa miaka ishirini.

Nikaona majani. Matawi mabichi ya mti, yametupwa kwenye lami. Kila msafiri wa nchi hii anajua maana yake: mbele kuna gari limeharibika. Nikasema, "Ba'mdogo, kama vile kuna majani."

Sikiliza maneno yangu mwenyewe. Kama vile. Sikusema kuna majani. Niliyafunika kwa adabu mpaka yakawa hayaonekani.

Akasema, "Upepo tu huo." Nikanyamaza. Yakaja matawi mengine. Nikayaona wazi. Nikafungua mdomo, nikafikiria ada, nikafikiria ile miaka ishirini yake, nikafikiria kwamba nitaonekana mwoga wa gari. Nikaufunga. Halafu ukatokea mkia wa semi, hauna hata taa moja. Ba'mdogo akakata kushoto kuelekea mtaroni. Upande wangu ukapita. Upande wake ndio uliogonga.

Wenye semi walikuwa kando ya barabara wanaota moto, hawakuguswa. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Ba'mdogo alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Siku ya tatu, kitandani hospitali, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, baada ya yale majani ya kwanza, uliona mengine?"

Nikasema, "Hapana, ba'mdogo. Ukungu."

Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa nasoma taarifa za ajali usiku. Nilikuwa natafuta sentensi itakayosema kwamba msaidizi hana hatia. Sikuipata. Ila niliipata nyingine ambayo sikuitegemea: taarifa hizo hazimwachi mkuu peke yake wala msaidizi peke yake. Zile za Uswisi ziliwataja hata waliochora ramani ya kushukia bila kuonyesha kile kilima, na shirika lililomwacha rubani mwenye kasoro za siku nyingi aendelee kuruka. Sisi tuna usemi kwamba mkubwa ni jalala, tunamtupia yote. Wachunguzi wazuri hawana jalala. Kila mtu hubebeshwa taka zake.

Nikaenda Makambako, Pasaka iliyopita. Siku hizi ba'mdogo ana duka la vipuri, anakaa kwenye kiti cha plastiki, magongo yameegemezwa ukutani. Nikampa shikamoo. Tukala. Nikamwambia. Niliona majani ya pili, ba'mdogo. Niliyaona vizuri, nikanyamaza, halafu nikakudanganya.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua." Akaongeza, "Na ungesema ningekufokea."

Nikasema, "Ndiyo maana sikusema."

"Ningekufokea," akarudia, "lakini mguu ungekanyaga breki wenyewe."

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, na si lile nililotaka. Nilidhani kuna mambo mawili tu: ama nilikuwa na wajibu wa kusema, ama hofu yangu ilinisamehe. Kumbe hofu inapunguza lawama, haiondoi wajibu. Tena wajibu wenyewe haudai ushinde ubishi. Unadai jambo ulitaje kwa jina lake, mapema, hata kama utafokewa. Mkuu akikupuuza baada ya hapo, ni hesabu yake. Lakini sehemu fulani ya mwili wake itakuwa imesikia.

Naye mkuu ana deni lake. Heshima inayowafanya wadogo wasiseme wanachokiona ni mali yake mwenyewe inayomwibia. Marubani wamelijua hili. Tangu miaka ya mwisho ya 1970 walianza kufundishwa kusema na, lililo gumu zaidi, kufundishwa kuambiwa. Mashirika mengi yameandika kwamba rubani yeyote kati ya waliomo, hata aliyeajiriwa jana, akitamka neno la kughairi kutua, ndege inapanda kwanza, maelezo baadaye. Wengine usiku wa ukungu humpa kijana usukani, mzee akaangalia, kwa sababu mzee kumkosoa kijana ni rahisi kuliko kijana kumkosoa mzee. Hawakungoja watu wawe jasiri. Waliipangia hofu utaratibu. Korean Air ile ile ilijirekebisha, na tangu mwaka 1999 haijapata ajali iliyoua mtu.

Nyumbani mwetu, madarasani mwetu, ofisini kwetu, utaratibu huo uko wapi? Ni baba gani amewahi kumwambia mwanawe, "Ukiniona nakosea, neno letu ni hili, na ukilitamka nitasimama kwanza"? Mimi sijamsikia. Nimejiapiza kwamba nikipewa kiti chochote maishani, nitaanza na hilo.

Methali ya mwalimu wangu siikatai. Wakuu wengi wametuokoa miguu, ba'mdogo akiwemo. Ila ningepewa chaki leo ningeiongezea nusu ya pili, hata kwa viboko viwili vingine: mkuu asiyesikia la mdogo, naye huvunjika guu. Na wewe kijana mwenzangu uliye kiti cha pembeni usiku huu, katika gari, katika chama, katika nyumba, ukiyaona majani barabarani usiseme kama vile. Sema majani.